Patana Kabla Hujaimba: Mbinu kwa Mwimbaji wa Injili

Kuna swali ambalo mwimbaji wa Injili huulizwa, na mwenzake wa bongo fleva haulizwi kamwe: "Mtumishi, wewe unahudumu au unafanya biashara?" Swali hilo limewafunga wengi midomo. Mwimbaji anaona aibu kutaja nauli, prodyuza anaona aibu kudai mkataba, mchungaji anaona aibu kusema kanisa lina kiasi gani, na mwishowe wote watatu wananuniana. Wimbo unavuma redioni, mwenye wimbo anakopa vocha.

Jibu lake si gumu. Huduma ndiyo sababu ya kuimba. Kazi ndiyo inayokuwezesha kuendelea kuimba mwaka wa tano na wa kumi. Na kazi hiyo hutengenezeka au kuharibika mapema, sauti ikiwa bado haijasikika: kabla ya kuingia studio, kabla ya wimbo kutoka, kabla ya kupanda basi kwenda mkutanoni. Mbinu hizi zimepangwa kwa mfuatano huo.

1. Pikwa na kwaya kwanza

Rose Muhando, kabla jina lake halijazunguka Afrika Mashariki, alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria katika Kanisa la Anglikana mjini Dodoma. Mwalimu wa kwaya hujifunza mambo ambayo mwimbaji binafsi huyajua baada ya kuumia: kugawa sauti nne, kumsikiliza mwenzako huku unaimba, kurudia mstari mmoja mpaka ukae, na kuongoza watu ishirini ambao hakuna hata mmoja anayelipwa.

Ukiwa kwenye kwaya, jitafutie vitu viwili. Cha kwanza, ujue sauti yako inaanzia wapi na inaishia wapi. Muombe mpiga kinanda akupandishe na kukushusha, uandike noti ya chini na ya juu unazozifikia bila kukaza shingo. Cha pili, jifunze kinanda au gitaa, angalau kiasi cha kutaja ufunguo wa wimbo wako mwenyewe. Mwimbaji asiyejua ufunguo wake huimba popote bendi inapoamua.

Siku ya kutoka kwaya ikifika, toka kwa amani na kwa maandishi. Kama ulitunga nyimbo ambazo kwaya ilizirekodi, kaa na uongozi mkubaliane: nani mtunzi, kwaya itaendelea kuziimba kwa masharti gani, na wewe unaruhusiwa kuzirekodi upya au la. Kikao cha saa moja kinaokoa ugomvi wa miaka.

2. Wimbo ujaribiwe bila vyombo

Kinanda na ngoma huficha udhaifu wa wimbo. Kabla ya kutumia shilingi yoyote studio, uimbe wimbo wako mpya kwenye ibada ya katikati ya juma bila chombo chochote. Rudia kiitikio mara tatu. Mara ya kwanza watu husikiliza, ya pili hujaribu, ya tatu wawe wamekidaka. Wakiwa bado wanakutazama tu, usiwalaumu waumini. Ama kiitikio kina maneno mengi, ama kinapanda mahali ambapo mama wa kawaida aliyekaa benchi la nyuma hafiki. Kishushe, au kikate.

Halafu mpe mchungaji au mwalimu wa Biblia maneno yakiwa kwenye karatasi, kabla hajasikia tuni, kwa sababu tuni tamu humfanya mtu apitishe kosa. Andiko lililonukuliwa vibaya kwenye mahubiri husahaulika Jumatatu. Kwenye wimbo linaweza kudumu kwa miaka.

Na lugha? Israel Mbonyi wa Rwanda alijijenga kwa Kinyarwanda, albamu yake ya kwanza ikitoka 2014. Wimbo wake wa Kiswahili, "Nina Siri", ulitoka 2023 ukamfungulia milango ya Kenya na Tanzania kwa kishindo. Kabla yake Angela Chibalonza na Solomon Mukubwa, wote wenye asili ya Kongo, walijenga majina yao wakiwa Kenya kwa nyimbo za Kiswahili. Andika Kiswahili kinachoeleweka Bukavu, Kigali, Nakuru na Mtwara. Misimu ya mtaa mmoja huchuja haraka, na wimbo wa ibada unatakiwa uimbike hata baada ya msimu kupita.

3. Tahadhari na nyimbo za watu

Wengi hudhani wimbo wa kanisani hauna mwenyewe. Chukua mfano wa "How Great Thou Art", ambao makanisa yetu huuimba kwa Kiswahili kama wa zamani mno. Shairi lake la asili liliandikwa na Carl Boberg wa Sweden mwaka 1885, lakini maneno ya Kiingereza yaliyosambaa duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki 1989. Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ulaya ni miaka 70. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi wimbo wowote usio wako, uliza mambo matatu: tuni ni ya nani, maneno ni ya nani, na tafsiri ya Kiswahili ni ya nani. Watu hao wanaweza kuwa watatu tofauti. Kutafsiri wimbo mpya wa kusifu na kuabudu kutoka Marekani au Australia na kuuweka YouTube bila kibali hakuhalalishwi na nia njema. Kama kibali ni kigumu kupatikana, wimbo huo uimbe ibadani na kutaniko, kisha studio upeleke wa kwako.

4. Studio: karatasi kabla ya maikrofoni

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni, na kuna rekodi yenyewe, ile masta. Mtu anaweza kumiliki moja asimiliki nyingine, na hapo ndipo wengi hupotelea. Unakuta mwimbaji aliyetunga kila neno, masta iko kwa prodyuza aliyemrekodi "kwa upendo".

Karatasi ya makubaliano haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Ukurasa mmoja unatosha ukitaja majina kamili, tarehe, jina la wimbo, nani katunga maneno, nani katunga tuni, nani anamiliki masta, na mapato yatagawanywaje. Sentensi zenyewe ziwe wazi kama hizi: "Prodyuza amelipwa malipo yake yote; masta ni mali ya mwimbaji." Au: "Prodyuza hakulipwa fedha taslimu, atapata asilimia 20 ya mapato ya rekodi hii." Zote mbili ni halali. Isiyofaa ni ile ya "tutaona mbele ya safari". Waitikiaji nao waandikwe: wamelipwa mara moja, au wana fungu?

Kabla ya kumaliza malipo, hakikisha umekabidhiwa vitu hivi:

- wimbo kamili uliomalizika;
- ala tupu;
- ala zenye sauti za waitikiaji bila sauti yako, kwa siku utakayoimba kwa CD;
- nakala ya ala iliyoshushwa nusu toni, kwa siku koo likiwa limechoka;
- faili za kila chombo peke yake, ili wimbo uweze kurekebishwa hata studio ile ikifungwa.

Viweke sehemu mbili: diski yako mwenyewe na hifadhi ya mtandaoni. Na kama biti ilinunuliwa mtandaoni, soma leseni yake. Biti iliyouzwa kwa watu wengi huwezi kuisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki, kana kwamba ni yako peke yako. Ukijaribu, utajikuta unapigana na watu usiowajua.

5. Jisajili

Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapotungwa, lakini usajili ndio ushahidi wako siku ya kesi. Tanzania, kazi husajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na msanii hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Sheria ya hakimiliki ni Na. 7 ya 1999. Mabadiliko ya 2022 yaliiondolea COSOTA kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha, ikapewa kampuni za kukusanya mirabaha zenye leseni. Hivyo uliza COSOTA ni kampuni gani yenye leseni ya muziki kwa sasa, ujiunge nayo, na umpe kila mtangazaji jina la wimbo na la mtunzi kwa tahajia ileile uliyosajili.

Kenya, anayesimamia hakimiliki ni KECOBO. Kwa vyama vya kukusanya mirabaha, MCSK imekuwa ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapiga vyombo, KAMP ya wenye rekodi. Leseni za vyama hivyo zimekuwa na mivutano, basi thibitisha na KECOBO kabla ya kutia saini uanachama.

6. Kuachia wimbo

Chaneli ya YouTube ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Inaonekana jambo dogo, lakini chaneli nyingi zimepotea kwa sababu zilifunguliwa na kijana wa mitambo kanisani, kijana akahama mji, akaondoka na nywila. Ukihitaji msaidizi, mwongeze kama meneja wa chaneli kupitia mipangilio. Nywila abaki nayo mwenye chaneli.

Ili YouTube ikulipe mapato ya matangazo, njia ya kawaida ni kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na fedha hutumwa zikifika Dola 100. Kwa anayeanza, hiyo ni safari ndefu, kwa hiyo usiichukulie kama mshahara. Zaidi ya YouTube kuna Boomplay, Spotify, Apple Music na kadhalika, ambako unafika kupitia msambazaji wa mtandaoni. Wapo wasambazaji wanaotoza ada kila mwaka, na wapo wanaokata asilimia. Kwa wale wa ada, uliza: nikishindwa kulipa mwaka ujao, wimbo wangu unabaki au unaondolewa?

Miito ya simu usiidharau. Kenya, kupitia huduma ya miito ya Skiza, wimbo anaousikia mpigaji akisubiri kupokelewa umewaingizia waimbaji wa Injili fedha za maana, na marekebisho ya sheria ya 2022 yanataka fungu la msanii au mwenye haki lisipungue asilimia 52. Ukipewa mkataba wenye tarakimu iliyo chini ya hapo, rudisha kalamu mfukoni.

7. Mwaliko: mbinu kuu kuliko zote

Waimbaji wengi wa Injili hula kwa mialiko, si kwa mtandao. Na mialiko huharibikia kwenye simu. Katibu wa kanisa anapiga: "Mtumishi, tunakuhitaji Jumapili ya tarehe 14, Mungu atafanya njia." Wewe unajibu amina. Hakuna aliyesema njia hiyo ni ya basi gani na inalipwa na nani.

Jibu amina, kisha umalizie kwa ujumbe wa maandishi. Mfano:

"Bwana Yesu asifiwe, Katibu. Nashukuru kwa mwaliko wa tarehe 14. Ili tujiandae vizuri, naomba tuthibitishe haya. Nitaimba nyimbo tatu. Je, kuna vyombo au nije na CD? Tutakuja watu watatu. Nauli ya kwenda na kurudi, na malazi ya usiku mmoja, vitakuwa upande wa kanisa. Sadaka ya huduma ni kama tulivyopatana kwa simu, nusu itangulie ifikapo tarehe 7. Je, tunaruhusiwa kuuza CD na fulana nje baada ya ibada? Na ibada itarushwa mubashara? Watakaotunza wakati wa wimbo, sadaka hiyo ni ya nani? Mungu awabariki."

Ujumbe huo hauna neno la ukali, lakini umegusa kila mahali panapoleta manung'uniko. Nusu inayotangulia inakuonyesha kama mwaliko ni wa kweli. Swali la mubashara linalinda wimbo ambao bado hujauachia. Na swali la kutunza ni muhimu kuliko linavyoonekana: watu wanapopanda madhabahuni na noti, wengine wanadhani wanampa mwimbaji, wengine wanadhani wanachangia ujenzi, na mhasibu anakusanya vyote kwenye kikapu kimoja. Lijibiwe kabla, ili usionekane unashindana na paa la kanisa.

Kanisa dogo la kijijini lisilo na uwezo usilitoze kama tamasha la mjini. Jiwekee idadi ya mialiko ya bure kwa mwaka, uitangaze kwa wasaidizi wako, na uiheshimu. Ikijaa, sema "mwaka huu nafasi za namna hiyo zimekwisha, tupange Januari." Huko si kuringa, ni kupanga. Anayeitikia kila mwaliko wa bure huishia kuahirisha nusu yake dakika za mwisho, na hilo ndilo linaloharibu jina.

8. Jukwaani

Fika kabla ya watu. Ukipewa nafasi ya kujaribu sauti, usiishie "heloo, moja, mbili". Imba sehemu ya juu kabisa ya wimbo wako kwa nguvu utakayotumia kweli, ndipo fundi mitambo apime. Muombe sauti yako isikike kwenye spika inayokuelekea. Usipojisikia utapiga kelele, na ukipiga kelele wimbo wa pili huna sauti. Mjue fundi kwa jina, msalimie kwanza kabla ya kumlalamikia.

Kuimba kwa CD si dhambi, ila kufungua mdomo huku sauti yako mwenyewe ikitoka kwenye spika watu wanaiona siku hizi, na simu zinarekodi. Tumia ala zenye waitikiaji, wewe uimbe kwa sauti yako halisi. Ikikwaruza kidogo, waumini watakuelewa.

Mikesha ina masharti yake. Ukipangiwa saa nane usiku, lala mchana, kula mapema chakula chepesi, kunywa maji ya kawaida kidogo kidogo tangu asubuhi, na upashe sauti kwa kuguna na kupanda ngazi za noti taratibu. Kama umefunga, wajulishe waandaaji wakupe nafasi ya mwanzo. Sauti ikikauka, nyamaza kabisa. Kunong'ona hakupumzishi koo. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiishie kwenye tangawizi.

9. Uzinduzi na mfuko

Uzinduzi wa albamu ni sherehe yetu: mgeni rasmi, kwaya waalikwa, mnada wa CD ya kwanza, na ahadi. Ahadi ndizo zinazowaangusha watu. Mgeni rasmi anatamka milioni mbili mbele ya kamera, ukumbi unalipuka kwa vigelegele, na wewe unamwambia mwenye ukumbi utamlipa Jumatatu. Panga bajeti ya uzinduzi kwa tiketi zilizouzwa na fedha zilizokwisha kuingia. Ahadi iandikwe jina, namba ya simu na tarehe, iwekwe kwenye daftari lake; ikitimia ni fedha ya wimbo unaofuata.

Kuhusu mapato, tenganisha kwanza kisicho chako. Tuseme umelipwa sh. 600,000 kwa mwaliko, na mmepatana na wapiga vyombo wawili sh. 100,000 kila mmoja. Pato lako ni 400,000, si 600,000. Kutoka hapo, zaka 40,000. Rekodi ijayo 120,000. Akiba na kodi 80,000. Matumizi yako 160,000. Tarakimu badilisha utakavyo, lakini mpangilio ushike: wenzako wanalipwa usiku uleule, na wimbo ujao una fungu lake tangu leo. Bendi inayolipwa kwa wakati haikuachi njiani.

Na shughuli nyingine usiiache mapema. Israel Mbonyi mwenyewe alisomea famasia India. Kazi ya mkono mwingine hukupa uwezo wa kukataa mkataba mbaya. Mwenye njaa husaini chochote.

10. Linda jina

Amua sasa, ukiwa umetulia, majibu ya maswali yatakayokuja kwa haraka. Utaimba na msanii wa bongo fleva? Utaimba kwenye kampeni za siasa, na wimbo wako ukibadilishwa maneno kuwa wa chama, utakubali? Utatangaza bidhaa zipi? Zungumza na mchungaji wako na familia, andika misimamo yako. Ukiitwa usiku na kutajiwa fedha nyingi, utakuwa na jibu tayari. Chochote utakachokubali, mkataba utaje wimbo utatumika wapi na kwa muda gani.

Uwe na mtu mmoja wa kukuambia ukweli, asiye kwenye mgao wako wa fedha. Mwimbaji aliyezungukwa na wanaomwita "mtumishi mkubwa" tu hugundua mwisho kabisa kwamba nyimbo zake tatu za mwisho zinafanana.

Anza na haya wiki hii

Orodhesha nyimbo zako zote zilizorekodiwa. Mbele ya kila wimbo andika: mtunzi, mwenye masta, umesajiliwa au la, na faili ziko wapi. Palipo na nafasi tupu ndipo pa kuanzia, na mara nyingi simu moja kwa prodyuza wa zamani, iliyopigwa kwa heshima na kufuatiwa na karatasi ya kusaini, inamaliza suala. Kisha nakili ule ujumbe wa mwaliko kwenye simu yako, uurekebishe kwa maneno yako. Mwaliko ujao ukija, utume kabla hujapanga nguo za kuvaa. Na atakayekuuliza kama unahudumu au unafanya biashara, mjibu kwamba unahudumu, na ndiyo maana hutaki kumdai mtu wala kudaiwa.